Udongo wa Kopo la Tatu

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi pale Temeke, jua halijaanza kuchoma, nimesimama kwenye kiwanja cha mtu na jembe begani na makopo matatu matupu ya siagi mkononi. Lakini ngoja kwanza, mwanangu. Kabla sijaenda mbele nikwambie ukweli: hadithi hii inanifanya nionekane bwege. Nimeigeuza kila upande miaka yote hii nikitafuta pa kusimama nionekane mjanja, sijapaona. Kwa hiyo ukifika pa kucheka, cheka. Na mie nilichekaga. Ndicho kilichoniponza.

Jana umeniambia umepata kiwanja, na mafundi wanaanza msingi wiki hii. Nikakuuliza umepima udongo? Ukanijibu kwamba jirani kajenga na nyumba yake haijaanguka. Nikainuka nikaondoka. Ulidhani nimekasirika. Wala. Nilikuwa nimemkumbuka mtu.

Mtu mwenyewe ni Mzee Mihambo. Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, viganja vipana kama sepeto. Alikuwa anachimba visima na mashimo ya vyoo kuanzia Keko mpaka Mtoni, na mtu akitaka kujenga alimwita yeye kwanza aje amsomee kiwanja. Ndivyo walivyosema, kusoma kiwanja, ingawa mzee mwenyewe hakujua kusoma hata jina lake. Zilikuwa enzi za Ujamaa. Saruji kwa kibali, sukari kwa foleni, na balozi wa nyumba kumi anajua mpaka nani kala nini. Mie nilikuwa kijana, nimemaliza darasa la saba, kazi sina, ila mdomo ninao. Mtaani waliniita Redio, kwa kuwa nilikuwa sizimwi.

Sasa nyie wa leo mnadhani utani ni kutumiana vichekesho kwenye simu. Utani wa Mzaramo na Mnyamwezi ulikuwa sheria, mwanangu. Mie Mzaramo ningeweza kumvua Mzee Mihambo kofia nikaondoka nayo, asinune. Yeye angeweza kusema mbele ya watu kwamba Mzaramo akipewa jembe huuliza kwanza ngoma inapigwa wapi, nami nisinune. Atakayenuna analipa kuku. Na ulikuwa na mlango wake wa kutokea. Ukitaka kumwambia mtani wako jambo la kweli, lenye uzito, ulianza na maneno mawili: utani kando. Ukishayasema hayo, kila mtu ananyamaza, mtani anakaa sawa, anakusikiliza kama ndugu. Maneno mawili tu. Yaweke moyoni, tutayarudia.

Mzee Mihambo alikuwa na chumba kimoja cha kupanga Keko, kwenye makelele ya maseremala. Mke wake, Bi Kalunde, alibaki Tabora. Mzee alimwambia, nikipata pa kukuweka nitakuita. Ikapita miaka kumi na moja. Kila Jumapili baada ya kula aliniita nimwandikie barua, kwa kuwa mie nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu wangu alisema ndicho kitu pekee nilichonacho kilichonyooka. Mzee anasema, mie naandika. Akifika kwenye jina la mkewe alikuwa anatulia kidogo, anatazama mlangoni, kana kwamba mtu kapiga hodi. Nilikuwa namtania hapo. "Mnyamwezi, jina la mwanamke tu limekukaba, akija mwenyewe si utakufa?" Anacheka, anapangusa macho, tunaendelea.

Ikaja barua kutoka kwa Bi Kalunde. Wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mstari mmoja, na yeye kapewa sehemu yake. Aliandika, au alimwandikisha mtu: "Nijenge huku, au nije huko?" Mzee aliniambia nimsomee mara tatu. Kisha akasema andika: subiri, nimepata kiwanja Temeke.

Na kweli alikipata. Kipande cha ardhi kinachoteremka kidogo kuelekea bonde la Mtoni, huku juu kuna barabara ya vumbi, kule chini mafunjo. Akaanza kukusanya saruji mfuko mmoja mmoja, akafyatua matofali yeye mwenyewe jioni jioni akitoka kuchimba vyoo vya wenzake. Tofali la mwisho lilipokauka ndipo akakanyaga msumari. Mguu ukavimba kama boga. Hawezi kusimama, na miezi ya kujenga inakwisha, masika hayamngoji mtu. Akaniita.

Alinieleza kazi kama anavyoelezwa mtoto. Mashimo matatu: moja juu kwa barabarani, moja katikati, moja chini kabisa ambako vitakuja vyumba vya nyuma. Kila moja lifike kifuani kwangu. Chota udongo wa chini kabisa, kila shimo na kopo lake, uniletee. Yeye ataulowesha, atauviringisha kwenye kiganja mpaka uwe kama kamba, kisha atajaribu kuukunja uwe bangili. Ukikatika, ni mchanga, jenga. Ukikubali kukunjwa ukawa bangili kamili, ni udongo wa mfinyanzi, kimbia. Mvua ikija utavimba, kiangazi kikija utanywea, na nyumba itapanda na kushuka juu yake kama mtu anayepumua. Alikuwa na usemi wake: "Udongo unaovalika haukaliki."

Nikamwuliza kwa nini matatu. Kiwanja ni kimoja, na ukitaka kujua wali kama umeiva unaonja chungu kizima?

Akanitazama. "Chungu kimekorogwa," akasema. "Kiwanja nani kakikoroga?"

Nikacheka, nikaenda zangu.

Shimo la kwanza nililichimba kwa haki. Kifuani. Mchanga mtupu juu, chini mchanga mwekundu ulioshikana vizuri. Kopo la kwanza likajaa. La pili nikalichimba, nikafika kiunoni, nikajiambia ni yale yale, kopo likajaa. Jua nalo likapanda. La tatu, kule chini, mchanga ulikuwa mlaini kama unga, nikafurahi. Nilipofika kiunoni jembe likasema pwaa. Nikalivuta, likakataa. Udongo wa kijivu, mzito, unanata mpaka kwenye mpini, na maji yanachuruzika taratibu pembeni.

Hapo hapo akapita Mwanahawa na sinia lake la vitumbua kichwani. Ndiyo, mama yako. Usinikatize.

Nilikuwa nimemtaka Mwanahawa tangu mfungo uliopita, na yeye alikuwa hanitaki, alisema mwanamume anayeongea vile lazima kuna kitu anakificha. Akasimama juu ya shimo akaniuliza nimezikwa na nani. Nikamjibu nimejizika mwenyewe kwa ajili yake, na nimemtafutia zawadi huku huku chini. Nikachota ule udongo wa kijivu, nikauviringisha, nikaukunja. Ukakunjika, mwanangu. Laini, bila ufa hata mmoja, bangili kamili ya mkono wa mwanamke. Nikampa. Akaivaa. Akacheka, na mie ndiyo mara ya kwanza kumwona anacheka kwa ajili yangu, nikatoka shimoni nikamfuata na porojo zangu mpaka sinia likaisha.

Nimerudi saa nane. Shimo limejaa maji mpaka magotini. Kopo la tatu liko tupu, linanitazama. Ili nipate udongo wa chini ilinibidi niingie tena kwenye ule uji, niyakumbe maji, nichimbe mpaka kifuani. Nikalitazama rundo la mchanga la shimo la kwanza. Zuri, kavu, liko njiani. Kopo la tatu nikalijazia hapo.

Unaona ubwege wenyewe? Bangili nilikuwa nimeikunja kwa mikono yangu hii. Ule usemi nilikuwa naujua kwa moyo. Ungeniamsha usingizini ningekwambia, udongo unaovalika haukaliki. Lakini niliujua kama anavyojua kasuku. Nilipouona kwenye mkono wa Mwanahawa niliona mkono tu.

Mzee Mihambo alipima makopo yote matatu palepale kitandani, mguu umeegeshwa kwenye kiti. Akalowesha, akaviringisha, akakunja. Kopo la tatu alilirudia mara mbili, akasema ajabu, kule chini nilitegemea utelezi. Kisha uso ukamfunguka. Akaniambia nichukue kalamu ingawa haikuwa Jumapili. Andika: ardhi imekubali.

Niliandika.

Wakachimba msingi wa magotini, maana kwenye mchanga ulioshikana magotini panatosha. Na mfinyanzi ulikuwa kiunoni, umejilalia chini kidogo tu ya pale mafundi walipokomea. Mzee angejua, angeisogeza nyumba juu kwa barabarani, nafasi ilikuwepo, au angeshusha msingi wa nyuma mpaka chini ya ule udongo. Kuta zikapanda. Chumba cha nyuma kabisa, kinachotazama bonde, alisema ni cha Kalunde, kwa kuwa kinapata upepo. Alikipiga lipu yeye mwenyewe, mguu haujapona sawasawa.

Na mie nikawa silali vizuri. Siku moja alasiri, bati hazijapigwa bado, tumekaa watu wengi kibarazani kwake Keko, maseremala na jirani, nikaona leo nasema. Lakini nikaona haya. Sasa Redio akiona haya anafanyaje? Anaongeza sauti. Nikasimama nikasema, "Nyie, huyu Mnyamwezi mnamwona fundi wa udongo? Kopo la tatu nimemlisha mchanga wa kopo la kwanza, na kasema mtamu."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Mihambo alicheka kuliko wote, akasema ndiyo maana ulikuwa mchanga mvivu, umekanyagwa na Mzaramo. Wakacheka tena. Na mie nikacheka. Nikakaa, nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Nimesema. Kama hakuelewa ni shauri lake. Ulimi hauna mfupa, mwanangu, unaweza kusema kweli huku umelala ubavu.

Nyumba ikaezekwa. Barua ikaenda: masika yakipita, nitakuita.

Masika yalikuja makubwa. Wiki ya tatu mzee alinitumia mtu, njoo. Nikamkuta kasimama katika chumba cha nyuma, maji yanachuruzika ukutani. Ufa umeanzia dirishani umeteremka mpaka sakafuni, mpana, unaona mafunjo ya bondeni kupitia humo. Kona nzima imejitenga na nyumba kama mtu aliyesusa. Wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa unaotoka chini unauziba na nini?

Akatoka nje kwenye mvua, akachukua jembe, akachimba pale konani mpaka kiunoni. Akainama, akachota. Akaviringisha, akakunja. Bangili ikakaa kwenye kiganja chake, nzima, mvua inaiosha.

"Kopo la tatu," akasema.

Nikamwambia, mzee, mie nilikwambia. Akauliza lini. Nikasema siku ile kibarazani, mbele ya watu wote.

Nadhani alikuwa anakisikia tena kile kicheko. "Ulinitania," akasema. "Mwanangu, ungesema utani kando."

Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya siku hiyo. Siku zote nilikuwa Mzaramo, au Redio. Afadhali angenitukana. Alichukua mkono wangu akanivika ile bangili ya udongo, taratibu, kama anavyovikwa bibi harusi, akaingia ndani.

Jumapili ile tuliandika barua kama kawaida. Alisema andika, subiri kidogo, nyumba haijakauka. Hakunitaja. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri, na kila herufi nilikuwa naiona inavyopinda.

Tulianza kubomoa kile chumba. Nilifanya kazi pale bila kuitwa, kila siku, Mwanahawa ananiletea chakula. Ile bangili yake alikuwa kaiweka dirishani kwao. Ilikauka, ikapasuka vipande viwili, na nilipomweleza yote hakunifukuza, alisema tu sasa najua ulikuwa unaficha nini. Lakini saruji ikaadimika. Tukipata kibali, mifuko haipo. Mifuko ikija, zamu yetu imepita. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Chumba cha nyuma kina kuta tatu. Chumba cha mbele kilikuwa kizima, kikavu, kinalalika, na humo alihamia mzee peke yake. Kila Jumapili, subiri kidogo. Mzee akaanza kukohoa. Mie nilidhani vumbi.

Tulimzika mwezi wa mavuno, na mimi mtani wake ndiye niliyepaswa kushuka kaburini nipime urefu, niwaambie wafiwa hapamtoshi huyu, mrefu kama twiga, leteni kuku nitoke. Ndiyo kazi ya mtani, kuwachekesha waliao. Nilishuka. Nikaangalia udongo wa pembeni. Mchanga, mwanangu, mzuri, mwekundu, umeshikana. Redio ikazimika. Watu waliningoja niseme kitu, baadaye wakanivuta mkono nikatoka.

Kwa hiyo nisikilize sasa. Usinijibu kwamba jirani kajenga; jirani kajenga juu ya udongo wake. Nyumba njema si mlango, na kiwanja chema si majani ya juu. Waambie mafundi waweke majembe chini kwanza. Uchimbe mwenyewe, au usimame juu ya anayechimba, na ukipata pazuri katika kona ya kwanza usiridhike, nenda kwenye kona inayokutia wasiwasi, huko ndiko kopo lako liliko. Pita kina cha msingi, maana baya linapenda kukaa pale pale chini ya mahali ulipochoka. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, nenda kwa uliyemkosea mkiwa wawili, uvue kicheko kama unavyovua viatu mlangoni, useme utani kando. Ukweli uliochekwa haujasemwa. Mungu akupe ardhi inayokubeba, na kuta zisizokusuta mvua ikinyesha, na mdomo unaojua siku ya kucheka na siku ya kunyamaza. Na kama kuna mtu mbali anakungoja wewe, akupe akili ya kufanya lile ambalo sie hatukulifanya.

Lipi? Hilo aliniambia Bi Kalunde.

Alikuja kwa gari moshi, akafika kwenye arobaini. Mwanamke mdogo wa umbo, mtulivu, kanga mpya bado ina mikunjo ya kukunjwa, nadhani ilikunjwa miaka mingi. Nilimpa shikamoo nikamwambia jina langu. Akaniuliza, "Ndiye wewe mwandiko?" Nikasema ndiye mimi. Akaomba aonyeshwe chumba chake. Nikampeleka kwenye zile kuta tatu, na pale, tukiwa wawili, nikamwambia, "Mama, utani kando." Nikamweleza yote, makopo, shimo la maji, bangili, kibarazani. Sikupunguza. Alisikiliza huku anapitisha mkono kwenye ukingo wa ukuta uliobaki, kama anapapasa mgongo wa mtu.

Nikamaliza. Upepo wa bondeni ulikuwa unaingia vizuri, mzee hakukosea.

"Mtani," akasema, "barua zako zote ninazo, na nimesomewa mpaka nimezijua kwa moyo. Mna ardhi, mna matofali, mna bati. Mie ningelala naye hata kwenye hilo shimo lako la tatu. Sikuwa nangoja nyumba. Nilikuwa nangoja Jumapili moja mniandikie njoo."